Pumzi ya Aliyefukiwa

Asubuhi ya tarehe 11 Mei, mwaka 1848, mmisionari Mjerumani aitwaye Johannes Rebmann alikuwa akivuka nyika iliyo kati ya milima ya Bura na Taveta, pamoja na Bwana Kheri, kiongozi wa msafara wake, na wapagazi wachache. Alipotazama mbele aliona kitu cheupe juu ya mlima mrefu, akadhani kwanza kuwa ni wingu. Akamwuliza kiongozi wake. Kiongozi hakuwa na jina la kitu kile. Alikiita baridi, basi. Rebmann hakuwa na shaka tena ya kwamba anaiona theluji. Habari hiyo ilipofika Ulaya, baadhi ya mabwana wa jiografia ambao hawakupata kuikanyaga nyika ya Taita walikataa kabisa kuisadiki.

Rebmann alisimuliwa pia ya kwamba mtawala mmoja wa Machame alikuwa amewatuma watu wapande kukichunguza kitu kile cheupe, na aliyerudi hai alikuwa mmoja tu, mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi. Basi watu wa Taita na Taveta wameiona theluji tangu kale, na tangu kale imejulikana ya kwamba huua. Lakini iko namna nyingine ya kuuawa na theluji, ambayo haionekani kwa kuutazama Kilimanjaro kutoka mbali. Namna hiyo inatuhusu kuliko tunavyodhani, kama msomaji atakavyoona.

Katika milima ya Ulaya, Asia na Marekani theluji hulala juu ya mteremko tabaka juu ya tabaka. Siku tabaka la chini lishindwapo kulibeba la juu, mteremko mzima huvunjika na kushuka kwa kishindo, kwa mwendo upitao ule wa gari moshi. Poromoko likisimama, theluji iliyokuwa laini kama unga hushikana na kuwa ngumu, hata mtu aliyefukiwa ndani yake asiweze kuinua kidole. Mtu wa kwetu angedhani ya kwamba mtu huyo hufa kwa baridi. Sivyo. Baridi huchukua muda mrefu kumwua mtu aliyevaa nguo nzito, na huyu hufa upesi zaidi. Katika hesabu iliyochapishwa mwaka 1994 juu ya watu waliofukiwa huko Uswisi, waliofukuliwa katika dakika 15 za kwanza walikuwa hai karibu tisa katika kila kumi. Zilipotimia dakika 35, walio hai hawakuzidi watatu katika kumi.

Na ajabu ni hii: hewa ipo. Yapata nusu ya ukubwa wa theluji iliyoporomoka ni hewa iliyonaswa kati ya chembe zake. Kinachomwua mtu ni pumzi yake mwenyewe. Hewa tunayoivuta ina oksijeni kiasi cha sehemu 21 katika mia, na hewa ya kaboni dayoksaidi haifiki hata sehemu moja. Tunayoitoa ina oksijeni sehemu 16 hivi, na kaboni dayoksaidi sehemu nne. Aliyefukiwa huitoa pumzi hiyo mbele ya pua, kisha huivuta tena, na tena, kila mara ikiwa mbaya zaidi. Joto la pumzi huyeyusha theluji iliyo usoni, nayo huganda upya ikawa gamba la barafu lisilopitisha kitu. Mtu hufa akiwa amezungukwa na hewa nzuri asiyoweza kuifikia.

Elimu hii ya pumzi mbaya haikuanzia katika theluji. Ilianzia chini ya ardhi, kwa wachimbaji. Mwezi wa Januari mwaka 1896 mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown, katika nchi ya Wales, ulilipuka, wakafa watu 57. Mtaalamu mmoja, John Scott Haldane, aliitazama miili yao, akaona ya kwamba wengi hawakuuawa na moto wala na mawe. Waliuawa na hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo rangi wala harufu, iliyobaki baada ya mlipuko. Haldane hakuwa mtu wa kusema tu. Alikuwa amekwisha kuivuta hewa hiyo mwenyewe kwa kipimo ili aandike jinsi inavyomlevya mtu. Akashauri wachimbaji washuke na viumbe wadogo, ambao huzidiwa kabla ya mwanadamu. Ndipo ndege wadogo waitwao kanari wakaingizwa migodini, na katika Uingereza hawakuondolewa mpaka miaka ya 1980.

Lakini ndege huonya tu. Hampi mtu hewa. Kazi ya kumvika mtu hewa ilikuwa imekwisha kuanzwa na Mwingereza mwingine, Henry Fleuss, aliyetengeneza mfuko wa oksijeni wenye dawa ya kunyonya kaboni dayoksaidi. Mwaka 1880 mpiga mbizi mmoja aliuvaa, akaingia katika handaki la reli lililojaa maji chini ya mto Severn ili akafunge mlango wa chuma. Miaka 26 baadaye, tarehe 10 Machi 1906, mgodi wa Courrières katika Ufaransa ulilipuka ukaua watu 1,099. Waokoaji kutoka Ujerumani walivuka mpaka wakiwa wamevaa vyombo vya kupumulia, ijapokuwa mataifa hayo mawili yalikuwa yakitazamana kwa chuki. Hata hivyo wachimbaji 13 waliotokea hai baada ya siku 20 hawakuwa wamevaa chombo chochote. Walijiokoa wenyewe, wakipapasa gizani mpaka walipofika penye hewa.

Hapo ndipo palipokuwa na upungufu. Vyombo vile vya kwanza vilikuwa vizito, tena vya mwokoaji. Anayekufa hakuwa na kitu. Miaka mingi ilipita kabla ya kisanduku kidogo cha kufungwa kiunoni kuwa sehemu ya mavazi ya mchimbaji wa kawaida katika nchi tajiri. Visanduku vya namna bora vina kemikali ya potasiamu yenye oksijeni nyingi. Mchimbaji huuma mdomo wa bomba, hubana pua, naye hupulizia humo. Unyevu na kaboni dayoksaidi ya pumzi yake huiamsha kemikali ile, nayo humrudishia oksijeni. Pumzi ile ile ambayo ingemwua ndiyo humpa uhai! Lakini kisanduku hudumu kiasi cha saa moja tu. Mwaka 2006, katika mgodi wa Sago huko Marekani, wachimbaji 13 walizibiwa ndani wakiwa na visanduku vyao. Waokoaji walitumia zaidi ya saa 40 kuwafikia, wakamkuta hai mmoja.

Watu wa theluji walichelewa kuifikia fikira hii. Vitu vyao vya kwanza vilikuwa vya kuwaita wengine. Mwanzoni mwa karne ya ishirini wapanda milima wa Ulaya walijifunga kamba ndefu nyekundu kiunoni, wakitumaini ya kwamba ncha yake itabaki juu ya poromoko. Mwaka 1968 Mmarekani John Lawton alitengeneza redio ndogo ya kuvaliwa kifuani, ambayo hutoa mlio wa kuwaongoza wenzi kwa aliyezikwa. Tangu mwaka 1985 umekuwapo mfuko wa mgongoni ujazwao hewa ghafla, umfanye mtu kuwa mkubwa. Siri yake aijua kila mama apepetaye nafaka: ukitikisa ungo, punje kubwa huja juu na ndogo huzama.

Aliyelikabili hasa tatizo la pumzi ni Thomas Crowley, daktari wa magonjwa ya akili katika jimbo la Colorado. Katika miaka ya 1990 alibuni vazi lenye bomba la kuuma mdomoni. Mtu huvuta hewa itokayo katika theluji iliyo mbele ya kifua chake, na pumzi anayoitoa hupelekwa nyuma ya mgongo. Halina mtungi wa oksijeni wala kemikali. Hutenganisha tu njia ya kuingia na njia ya kutoka. Watu waliojitolea walifukiwa makusudi wakalijaribu, na matokeo yakatolewa mwaka 2000. Bila kuitenganisha pumzi walivumilia kwa wastani dakika 10. Walipoitenganisha, dakika 58. Katika miaka ya 2020 Wanorwei wametoa chombo kingine kwa kanuni iliyo karibu na hiyo: feni ndogo huvuta hewa ya theluji iliyo mgongoni na kuipeleka usoni, wala mtu hahitaji kuuma kitu, maana katika poromoko ni vigumu hata kukumbuka kufumba kinywa.

Sasa turudi Taita Taveta. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanajiolojia Campbell Bridges alivumbua katika wilaya hii kito cha kijani kilichopewa, mwaka 1974, jina la tsavoraiti, kwa ajili ya Tsavo. Katika miaka hiyo hiyo yaligunduliwa mawe mekundu ya rubi huko Mangare. Tangu hapo watu wengi wa Mwatate, Kasigau na Voi, na wageni wengi pia, wamekuwa wakiufuata mwamba mweusi wenye grafaiti kwa sururu, patasi na baruti, katika mashimo membamba yanayopinda kama mwamba upindavyo. Huko hakuna theluji, lakini kufukiwa kupo.

Tusidanganyike kwa kufananisha vitu visivyofanana. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi, na theluji ya poromoko haifiki nusu ya hapo. Anayelaliwa na udongo hubanwa kifua asiweze kukipanua, na bomba la Crowley halingemfaa kitu. Lakini wako wengine wawili ambao huweza kufaidiwa. Wa kwanza ni yule aliyezibiwa upande wa ndani na mawe yasimguse. Wa pili ni yule anayeingia shimoni mapema baada ya baruti kulipuka, au anayefanya kazi karibu na mashine ya petroli ya kuvuta maji, akavuta hewa ile ile ya Haldane asijue.

Juu ya huyo wa kwanza tunao ushahidi wa karibu. Mwezi wa Oktoba 2015 mgodi wa dhahabu wa Nyangarata, wilaya ya Kahama katika Tanzania, uliporomoka. Wanaume watano walitolewa hai baada ya siku 41. Mwenzao mmoja alikuwa amefariki mle ndani. Walikula mizizi na wadudu, wakanywa maji yaliyodondoka mwambani. Waliishi kwa sababu pango lao lilikuwa na hewa, na si kwa sababu ya kitu walichokuwa wamevaa. Mbinu za waokoaji hazikuwafikia mpaka walipokuwa wamedhoofika kabisa.

Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016 ilimtambua mchimbaji mdogo, ambaye kabla ya hapo alikuwa kama mwizi katika ardhi ya baba yake, na uhandisi wa migodi hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Taita Taveta. Hayo si madogo. Lakini kisanduku cha oksijeni huagizwa kutoka ng'ambo, na mchimbaji mdogo aghalabu hana mshahara: huchimba miezi akingojea jiwe, na chakula chake hulipwa na mwenye shimo au na mnunuzi. Nani basi amnunulie kisanduku? Mimi naona ni yule ambaye jiwe litafika mikononi mwake likiwa na bei, na katika safari ya kito kutoka Mwatate hadi dirisha la duka la Ulaya watu hao ni wengi. Kisanduku kina uzito wa kilo mbili au tatu, na kikitunzwa vyema huweza kukaa miaka kumi bila kuharibika. Wengi wa wanaoshuka leo katika mashimo ya Kasigau hushuka na tochi kichwani na kamba mkononi.