Matangazo ya Magari Mitandaoni: Mambo ya Kuzingatia kwa Wauzaji na Wanunuzi Mkoani Katavi

Mji wa Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, upo zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bandari ya Dar es Salaam, ambako hupokelewa magari mengi yaliyotumika kutoka Japani. Kutokana na umbali huo, mkulima wa mpunga wa Mpimbwe au mfanyabiashara wa Mpanda anayetafuta gari anaweza kuliona kwanza kwenye simu yake, kupitia Facebook, Instagram au WhatsApp. Usahihi wa tangazo ndio humwezesha kuamua kabla ya kusafiri au kutuma fedha.

Jambo la kwanza ni bei. Baadhi ya matangazo hutaja gharama ya kulifikisha gari bandarini pekee, bila kodi na ushuru wa forodha. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) imeweka kwenye tovuti yake kikokotoo cha kodi za magari yaliyotumika, ambacho mwananchi anaweza kukitumia bila kwenda ofisini. Yadi inayojali wateja wake hubainisha iwapo bei inajumuisha kodi, usajili na usafirishaji hadi Mpanda.

Jambo la pili ni ukweli wa maelezo. Tangazo linalojitosheleza hutaja mwaka wa kutengenezwa, ukubwa wa injini, aina ya mafuta na kilomita zilizotembewa, likiambatana na picha za gari lenyewe, pamoja na sehemu zenye mikwaruzo au kutu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha mlaji. Aidha, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuwa kosa kuchapisha mtandaoni taarifa za uongo kwa nia ya kudanganya.

Jambo la tatu ni faragha. Yadi nyingi huchapisha picha za wateja wakikabidhiwa magari. Kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, picha, jina na namba ya simu ni taarifa binafsi. Hivyo ni muhimu mteja aridhie kabla hazijatumika kibiashara. Mteja pia ana haki ya kukataa taarifa zake zitumike kumtumia matangazo.

Kwa upande wake, mnunuzi anashauriwa kutotuma malipo ya awali kwa dalali asiyemfahamu. Ni vyema amtume mtu anayemwamini, akiwa na fundi, kulikagua gari na kulinganisha namba ya chasisi na ile iliyo kwenye kadi ya gari, kisha taarifa za umiliki zihakikiwe TRA. Malipo yakikamilika, adai risiti ya kielektroniki na kuhamisha umiliki mapema. Namba za simu zinazotumiwa na matapeli huripotiwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15040.

Mitandao ya kijamii imemwezesha mfanyabiashara wa Mpanda kuwafikia wateja wa Mlele, Nsimbo na Tanganyika kwa gharama ndogo. Hata hivyo, mteja aliyeuziwa gari tofauti na lile lililotangazwa huwaeleza wengine kupitia mitandao hiyohiyo, na imani iliyopotea kwa njia hiyo hairejeshwi na tangazo jipya.