Mwalimu wa Waliojifundisha Wenyewe

Fundi aliyejifundisha mwenyewe husifiwa kana kwamba hakuwa na mwalimu. Historia ya kompyuta za nyumbani inaonyesha mwalimu alikuwepo: ni mchoro wa saketi ulioachwa wazi ili yeyote ausome. Januari 1975 jarida la Marekani, Popular Electronics, liliweka kwenye jalada lake Altair 8800, kompyuta ambayo mnunuzi aliletewa vipande akaviunga mwenyewe. Machi mwaka huohuo wapenzi wa mitambo walikutana kwenye gereji ya Gordon French huko Menlo Park, California, wakaanzisha Homebrew Computer Club. Mmoja wao, Steve Wozniak, aliunda kompyuta kwa chipu ya 6502, iliyotoka kwa dola 25 wakati chipu za washindani zilikuwa ghali mno kwa kijana wa mshahara. Michoro yake aliwagawia wenzake bure, kabla mashine hiyo haijauzwa mwaka 1976 kwa jina la Apple I.

Mtu atasema Wozniak hafai kuwa mfano, kwa kuwa aliajiriwa na kampuni ya elektroniki ya Hewlett-Packard. Ni kweli, lakini tangu akiwa mwanafunzi wa sekondari alikuwa akichora upya kompyuta kwenye karatasi, akisoma vitabu vya maelezo vya watengenezaji wenyewe. Hoja nzito zaidi ni ya Bill Gates. Februari 1976 aliwaandikia wapenzi hao barua ya wazi, akilalamika kwamba wananakili programu yake ya lugha ya kompyuta ya BASIC bila kulipa, na akauliza nani atafanya kazi ya kitaalamu bure. Malalamiko yake yalikuwa ya haki: kuchukua kinachouzwa bila kulipa si kujifunza. Lakini swali lake lilipata jibu mwaka uleule, pale watu walipoandika matoleo yao madogo ya BASIC, yaliyoitwa Tiny BASIC, na jarida la Dr. Dobb's likachapisha msimbo mzima.

Ushahidi ninaouthamini kuliko wote uko Malawi. Baada ya njaa ya 2002 kumwondoa shuleni kwa kukosa ada, William Kamkwamba alikwenda maktaba ya shule ya msingi Wimbe. Kiingereza chake kilikuwa haba, hivyo alianza na michoro. Kitabu cha Explaining Physics kilimfungulia sumaku na umeme. Kingine, Using Energy, kilikuwa na picha ya vinu vya upepo jaladani. Kwa feni ya trekta, fremu ya baiskeli, dinamo na mabomba ya plastiki, aliwasha taa nyumbani kwao.

Zamani mchoro wa namna hiyo uliachwa hata ndani ya bidhaa yenyewe: redio nyingi za valvu zilibandikwa mchoro wa saketi ndani ya kasha. Fundi simu wa Kariakoo jijini Dar es Salaam leo hufungua simu ambayo kampuni haikumwachia mchoro wowote. Huweka bodi mbovu kando ya bodi nzima, akapima kwa mita, nukta kwa nukta.