Mugunga si kambi tena



Mwaka wa 2021 mama mmoja wa chama chetu alisimamisha moto pale Birere, jioni, na gunia lake la maharagwe. Dereva akamuuliza anaenda wapi. "Ku Mugunga." Kijana akatikisa kichwa: "Kule ku kambi? Saa hii siendi, mama." Kwa kumwangalia tu, kijana huyo alikuwa hajazaliwa wakati wa ile kambi anayoisema. Njo maana, tulipokuwa tunamaliza mwaka huo wa 2021, tuliona vizuri kuandika historia ya kartiye ambamo wengi wetu tunakaa.

Zamani Mugunga ilikuwa kijiji kando ya barabara ya Sake, na mashamba katikati ya mawe meusi ya volkano. Halafu ikaja Julai 1994. Katika siku chache tu, watu karibu milioni moja kutoka Rwanda walivuka mpaka wakaingia Goma na pembeni zake. Kambi ziliwekwa Kibumba, Katale, Kahindo, na upande wetu Mugunga na Lac Vert. Kolera na kuhara damu vikaua watu wanaokadiriwa kuwa 50,000 kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Ardhi ya huku ni mwamba, jembe haliingii. Hapakuwa pa kuchimba choo wala kaburi. Maiti zilifungwa ndani ya mikeka na kulazwa kando ya barabara, mpaka askari wa Ufaransa wakaleta mashine za kuchimba makaburi ya pamoja. Picha hizo dunia nzima iliziona, na jina la Mugunga likabaki ndani yake.

Kambi ile ilikwisha Novemba 1996, wakati vita vya AFDL vilipofika. Watu kutoka kambi zingine walikuwa wamekwisha kusongamana Mugunga. Kuanzia tarehe 15, zaidi ya nusu milioni walirudi Rwanda kwa miguu, na wengine wakakimbilia porini upande wa magharibi. Kambi ikabaki tupu.

Jina halikupumzika. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ikatapika, moto ukapita katikati ya mji, na mji wenyewe ukaanza kusukumwa upande huu. Kisha 2007 na 2008, vita vya CNDP, kambi zikarudi: Mugunga I, Mugunga II, Bulengo, Buhimba. Mara hii waliolala chini ya bashi walikuwa ndugu zetu wa Masisi na Rutshuru. Septemba 2009 wengi walirudi makwao kwa siku chache. Mugunga III ikabaki na wasiokuwa na pa kwenda, na mwanzoni mwa Desemba 2012, M23 walipokuwa wakitoka mjini, hata ile ikaporwa.

Sisi wengi hatukuwepo kuona hayo yote. Tulikuwa Nakivale, Kyangwali, Nyarugusu, tukipanga mstari wa unga. Tuliporudi tulikuta mji umejaa. Parsele za Himbi ni za wakubwa, hata kuuliza bei ni aibu. Kule Mugunga walikuwa wanauza rahisi, ju ya jina. Hapa tusijifiche: jina baya njo lililotupatia pa kukaa. Lingekuwa jina zuri, wengi wetu tungekuwa bado tunapanga chumba kimoja kwa watu wanane.

Kujenga huku kunaanza na nyundo. Unavunja mwamba wiki nyingi, mawe unayarundika pembeni, na hayo hayo yanakuwa msingi na ukuta wa parsele. Udongo wa kupanda sombe unanunua, unaletwa na gari. Nyumba ya kwanza ni ya mbao na manjanja. Ya pili, Mungu akipenda, ni ya matofali. Shimo la choo ndilo linamaliza pesa: kuna mzee kati yetu aliyelipa vijana kwa shimo hilo kuliko alivyolipa kwa mbao zote za nyumba. Leo, ukipita barabarani, utaona duka za simenti, famasi, masomo, makanisa ya kila aina, chukudu zinazoshuka na makala na viazi. Nyumba za juu zimeanza.

Neno moja la zamani si uongo, na hatutalificha: mazuku. Katika mabonde madogo na mashimo ya lava, hewa mbaya inatoka chini na kulala pale, hasa usiku na asubuhi wakati hakuna upepo. Haionekani. Mbuzi anaingia, anaanguka, mtoto vilevile. Anayenunua parsele sasa aulize kwanza wakaaji wa zamani, ju wauzaji wengine wanapunguza bei ya mahali pa chini na kunyamaza.

Halafu Mei 2021. Volkano ilitoka tarehe 22 usiku, na tarehe 27 serikali ikaamuru kartiye kumi za mji zihame. Mugunga haikuwa kati yake. Tulisimama mbele ya nyumba zetu tukiangalia mji mzima unapita kwenda Sake: magodoro kichwani, watoto, mbuzi, magari yasiyosogea. Walikuwemo watu waliokuwa wakituita "wa kambi". Wengine waliomba maji. Wengine walilala ndani mwetu siku nyingi. Tangu hapo wengi wanauliza bei ya parsele huku, na bei imepanda.

Hapo tunagawanyika wenyewe. Mwenye parsele anafurahi. Lokateri, na wako wengi katika chama, anaambiwa kodi imeongezwa dola tano, kisha kumi. Wajane wawili wamekwisha kusogea mbali zaidi. Tulipojadili hilo kwenye mkutano, sauti zilipanda, na hatukupatana.

Kwa wafadhili tunaomba jambo hili: wako wageni waliokuja mwaka wa 2021 na bashi. Tulipokea, hatukukataa, lakini zimefunika kuni. Maji ndiyo shida, mama anatoka saa kumi za usiku na bidoni. Na karatasi za parsele ndiyo shida: wengi wana hati ya mkono tu, na kadiri bei inavyopanda, mtu mwenye pesa atakuja na karatasi nzuri kuliko yetu. Komite itasoma orodha ya wasio na hati kwenye mkutano ujao. Kila mmoja aje na aliyo nayo.

Yule mama wa maharagwe alipata moto mwingine usiku ule, kwa bei ya mara mbili. Siku hizi anawaambia "Keshero". Akifika Keshero anasema: "Endelea mbele kidogo, mwanangu."