Chumba cha Kupanga: Mnigeria na Mwenye Nyumba Wake London

Historia ya Wanigeria wa London imeandikwa zaidi na watu wanaopenda vyeti. Ukiwasoma utakutana na mawakili, madaktari, wahasibu, wachezaji mpira, na siku hizi wabunge. Mimi ni mtu wa Tanga, muuguzi, nimeishi kusini mwa jiji hili muda mrefu nikiwa mpangaji wa Mnigeria, na nikiulizwa historia hiyo ianzie wapi nitasema ianzie chumbani. Nani alikubali kumpangisha Mnigeria, kwa kodi gani, na kwa masharti gani. Siasa, kanisa, biashara na hata ndoa zao zilipita kwanza kwenye mlango huo.

Wa kwanza kulielewa jambo hili vizuri alikuwa Ladipo Solanke, Myoruba wa Abeokuta. Alisoma chuo cha Fourah Bay kule Freetown, akaingia London mwaka 1922 kusomea sheria, akiwa mtu mzima na mfukoni hana kitu. Wanafunzi wa Afrika Magharibi wakati huo walikuwa wachache, wengi wao wana wa wenye nacho wa Lagos, Accra na Freetown. Ila utajiri wa baba haukumsaidia mtu aliyegonga mlango akaambiwa chumba kimeshachukuliwa, huku kibao cha kutafuta mpangaji bado kinaning'inia dirishani.

Tarehe 7 Agosti 1925, Solanke na wenzake, akiwemo Dkt. Herbert Bankole-Bright wa Sierra Leone, waliunda Umoja wa Wanafunzi wa Afrika Magharibi, uliojulikana kwa kifupi chake, WASU. Vitabu huusifu kwa siasa, na ni kweli ulilea wanasiasa. Kwame Nkrumah alipofika London mwaka 1945 aliukuta hapo na akawa mmoja wa viongozi wake. Lakini kwangu mimi kazi kubwa ya WASU ilikuwa kutafuta nyumba. Mwaka 1928 Marcus Garvey, yule Mjamaika, aliwapa nyumba West Kensington waitumie kwa muda.

Hapo ndipo sisi wa Afrika Mashariki tunapoingia katika hadithi hii. Mwaka 1929 Johnstone Kenyatta, ambaye baadaye tulimjua kwa jina la Jomo, alitumwa London na chama cha Wakikuyu kupeleka madai ya ardhi. Pa kufikia alipata katika nyumba hiyo hiyo ya WASU, na humo ndimo alimokutana na Solanke. Baadaye akahamia kwingine, deni likamzidi, na mwenye nyumba akazuia mizigo yake. Rais wa kwanza wa Kenya alizuiliwa mizigo kwa kodi ya chumba. Ndugu msomaji, ukichelewesha yako mwezi huu usijidharau sana.

Nyumba ya Garvey haikudumu mikononi mwao. Solanke akapanda meli mwaka huohuo, akazunguka makoloni ya Waingereza ya Afrika Magharibi hadi mwaka 1932 akichangisha fedha za hosteli. Alirudi na michango, na pia na mke, Opeolu. Mwaka 1933 hosteli ikafunguliwa namba 62, Camden Road, kaskazini mwa London. Opeolu ndiye aliyeisimamia, na sifa ya mahali pale ilitokana na chakula chake kama ilivyotokana na hotuba za mumewe. Mtu aliyekaa miezi akila viazi vya kuchemsha na kabichi, akisikia kuna nyumba inayopika chakula cha kwao, angevuka jiji zima kwa miguu.

Ofisi ya Makoloni haikufurahi. Mwaka 1934 ilisaidia kufunguliwa kwa hosteli nyingine, Aggrey House, na watu wa WASU wakaigomea wakisema serikali inataka kuwachunga. Siilaumu serikali kwa kuogopa. Mwanafunzi mwenye chumba cha wasiwasi hushinda akifikiria kodi. Mwenye chumba cha uhakika hushuka sebuleni baada ya kula na kuanza kuuliza Waingereza wataondoka lini. Agosti 1941 Clement Attlee, waziri katika serikali ya vita ya Churchill, alikuja kuzungumza na watu wa WASU, akawaambia kwamba misingi ya Mkataba wa Atlantiki, lile tamko la wakati wa vita kuhusu haki ya watu kujitawala, ni ya watu wa rangi zote. Mwezi uliofuata Churchill akasimama bungeni na kueleza kwamba kilichokusudiwa ni mataifa ya Ulaya yaliyo chini ya Wanazi. Wageni wa Camden waliyasikia yote mawili.

Baada ya vita idadi ilipanda, na baada ya uhuru wa Nigeria wa tarehe 1 Oktoba 1960 ikapanda zaidi. Sasa hawakuja vijana watupu. Walikuja wanaume na wake zao: mume asome sheria au uhasibu, mke afanye kazi ya kulisha nyumba, kisha warudi Lagos wakiwa watu wakubwa. Huo ndio ulikuwa mpango wa karibu kila mmoja. Mama mwenye nyumba wangu alikuja kwa mpango huo mwaka 1964, akitokea Ibadan, kumfuata mumewe aliyekuwa akisomea uwakili. Nilimkuta amestaafu kushona katika kiwanda cha nguo, na jioni akiwa na nafasi alinieleza mambo ambayo sijayaona katika vitabu vya wapenda vyeti.

Chumba chao cha kwanza kilikuwa kimoja, ghorofa ya juu, kwa watu wawili na baadaye mtoto. Jiko lilikuwa kwenye korido, likitumiwa na wapangaji wa ghorofa nzima, na choo kilikuwa chini. Kulikuwa na mita ya gesi inayokula shilingi: ukitumbukiza sarafu, moto unawaka; sarafu ikiisha, moto unazima hata kama mchuzi haujaiva. Kwa hiyo, aliniambia, shilingi haikuwa fedha, ilikuwa kuni. Alizificha kwenye kopo la maziwa ya unga, na mumewe akizichukua kwa nauli ya kwenda darasani, chakula cha usiku kilikuwa baridi. Bado shilingi za zamani anazo chache, nene na nyeusi, na alinionyesha moja inayofanana na ile waliyoifunga uzi wakijaribu kuivuta irudi kutoka ndani ya mita. "Haikurudi, mwanangu," alisema, akacheka mpaka akashika kiuno.

Baridi waliipiga kwa jiko la mafuta ya taa. Vyumba vingi vya wageni vilipashwa moto hivyo, na ajali za moto hazikuwa ngeni. Viazi vikuu vilipatikana soko la Brixton, wakati huo kwa ajili ya Wajamaika, na bei yake haikuwa ya mke wa mwanafunzi. Basi walisonga unga wa mchele, ule ambao Waingereza hupikia vitamutamu, wakaula kwa mchuzi wa mboga. Mimi niliyelelewa kwa ugali sikuhitaji maelezo.

Kupata chumba chenyewe kulikuwa kazi ya miguu. Matangazo yalibandikwa kwenye madirisha ya maduka ya magazeti, na mengi yalisema wazi kwamba watu weusi wasijisumbue. Hakuna sheria iliyovunjwa kwa kuandika hivyo. Sheria ya kwanza ya ubaguzi wa rangi Uingereza, ya mwaka 1965, iligusa mahoteli, mabaa na sehemu nyingine za umma. Nyumba na ajira iliviacha. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1968. Wole Soyinka, aliyekuja kusoma Leeds mwaka 1954, aliandika shairi lake mashuhuri kuhusu mazungumzo ya simu na mama mwenye nyumba anayetaka kujua mpangaji mtarajiwa ni mweusi kiasi gani. Wanafunzi wetu hulisoma shuleni wakacheka. Mama wa Ibadan hakulicheka nilipomsimulia. Aliuliza tu kama huyo bwana alikipata chumba.

Na usidhani aliyekupangisha akiwa mweusi mwenzako mambo yalikuwa nafuu. Buchi Emecheta, aliyezaliwa Lagos mwaka 1944 na kumfuata mumewe London mwaka 1962, ndiye aliyeliandika hili bila kuficha. Riwaya yake ya mwaka 1974, Second Class Citizen, inafuata maisha yake kwa karibu sana, na mwenye nyumba anayewapa chumba kibovu ndani yake ni Mnigeria. Emecheta alizaa watoto watano akiwa bado kijana mbichi. Mumewe aliuchoma moto muswada wake wa kwanza. Emecheta akamwacha, akafanya kazi maktaba ya British Museum, akasoma sosholojia, akauandika muswada ule upya, nao ukatoka mwaka 1976 kwa jina la The Bride Price. Wasomi humchambua kwa mambo ya jinsia, na wana haki. Mimi humsoma kama mtaalamu wa vyumba: anajua ukuta unaotoa maji, anajua mwenye nyumba anayekatazia watoto.

Hilo la watoto ndilo lililozaa jambo ambalo Waswahili wengi hawalijui. Vyumba vingi havikuruhusu watoto, na mama alikuwa kazini. Kwa hiyo tangu miaka ya 1950 wazazi wa Afrika Magharibi, Wanigeria wakiwa wengi kati yao, walitangaza katika jarida la Nursery World wakitafuta familia za kulea watoto wao kwa malipo ya kila wiki. Waliojibu walikuwa akina mama wa Kizungu wa Kent, Sussex, Essex na kwingineko nje ya jiji. Maelfu ya watoto walikua hivyo, makubaliano yakiwa kati ya mzazi na mlezi tu. Nyumbani Nigeria kumpeleka mtoto kwa shangazi au bibi ni jambo la kawaida, kama kwetu. Wazazi waliona wanafanya lilelile. Mtoto wa kwanza wa Mama alikaa kwa mlezi karibu na bahari, Kent. Aliporudi aliogopa nywele za mama yake na hakuelewa Kiyoruba. Alipofika hapo katika simulizi yake, Mama alinyanyuka kuangalia sufuria ambayo haikuwa motoni, nami sikuuliza zaidi.

Kutoka kwenye chumba kwenda kwenye nyumba walitoka kwa upatu. Wayoruba wanao wao, esusu au ajo, na waliusafirisha mzima hadi London. Mabenki na vyama vya mikopo ya nyumba vilikuwa vizito kwa Mwafrika, hasa kwa nyumba chakavu za mitaa ambayo Wazungu walikuwa wakiihama. Mama ndiye aliyekuwa kijumbe. Daftari lake ninalijua: jalada la bluu, majina kwa penseli upande wa kushoto, vema kwa wino upande wa kulia, na kila jina lililopokea limepigiwa mstari kwa rula. Waliochanga walikuwa wanawake wa kiwandani, kila Ijumaa ya mshahara, bila mkataba wala wakili, ingawa waume zao walikuwa wakisomea uwakili. Zamu yake ilipofika aliweka malipo ya awali, halmashauri ikawakopesha salio, nao wakapata nyumba Peckham, ya enzi za Malkia Victoria, ngazi zikilia na paa likivuja. Walipangisha vyumba vitatu siku hiyohiyo.

Miaka ya 1970 mafuta yalipoipa Nigeria fedha, wengi walirudi, na mume naye akarudi. Mama akabaki. "Yeye alirudi na shahada," husema, "mimi nikabaki na nyumba."

Kisha upepo ukageuka. Bei ya mafuta ikaanguka, mwaka 1986 Nigeria ikaingia katika mageuzi ya kiuchumi yaliyoiporomosha naira, na karibu na wakati huo huo Uingereza ikaanza kuwadai Wanigeria viza kabla ya safari. Waliokuja sasa hawakuwa na mpango wa kurudi baada ya miaka mitatu. Katika nyumba ya Mama wapangaji walilala kwa zamu: mfagiaji wa usiku akirudi, mlinzi wa mchana anamwachia kitanda kikiwa bado na joto. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu takribani watu 191,000 waliozaliwa Nigeria wanaoishi England na Wales, na leo ukipita barabara ya Rye Lane, Peckham, utanunua viazi vikuu, gari (ile ya muhogo, ya kula) na samaki wa moshi kwa urahisi kuliko kabichi.

Ila mlango wa chumba umepata bawabu mpya. Tangu Februari 2016, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2014, kila anayepangisha nyumba katika nchi ya England lazima akague haki ya mpangaji ya kuishi nchini kabla ya kumkabidhi ufunguo. Asipofanya hivyo, na mpangaji akawa hana haki hiyo, anatozwa faini, ambayo mwaka 2024 ilipandishwa hadi kufikia pauni 20,000 kwa mpangaji mmoja kwa anayerudia kosa. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilisema mpango huo unasababisha ubaguzi, kwa kuwa wenye nyumba huona ni salama zaidi kumchagua mwenye pasi ya Uingereza. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ikakubali kwamba ubaguzi hutokea lakini ikauacha mpango uendelee. Mama, aliyeambiwa mara ngapi sijui kwamba chumba kimechukuliwa, siku hizi huvaa miwani na kunakili pasi za vijana wanaotoka Lagos, Kumasi na Dar es Salaam.

Kwa hiyo wewe unayefunga sanduku kuja huku, hakikisha karatasi zako ziko sawa kabla ya kuulizia kodi. Mwenye nyumba anayo haki ya kuziona, tena sheria inamlazimisha. Lakini ni lazima azidai kwa kila mpangaji bila kujali rangi wala lafudhi, na akizidai kwako peke yako anavunja sheria nyingine, ile ya kupinga ubaguzi iliyoanzia mwaka 1968 na ambayo leo ni Sheria ya Usawa (Equality Act) ya mwaka 2010. Ijue, na uitaje mlangoni.