Kilabu cha Pombe cha Pumwani katika Kumbukumbu za Familia

Pumwani, mtaa uliotengewa Waafrika na manispaa ya Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1920, una historia mbili za pombe. Ya kwanza imo katika vitabu vya hesabu. Kwa kuiga Durban, iliyopewa ukiritimba wa bia ya kienyeji kwa sheria ya 1908, manispaa ilifungua kilabu chake Pumwani na kuharamisha upikaji wa nyumbani. Faida iligharamia huduma za wenyeji. Yaani mnywaji alilipia kwa kibuyu kile ambacho kodi yake ilipaswa kumpatia.

Ya pili husimuliwa majumbani. Janet Bujra (1975) alionyesha kuwa sehemu kubwa ya waliojenga nyumba za mwanzo Pumwani walikuwa wanawake, na kwamba pombe ilikuwa miongoni mwa vyanzo vya mtaji wao. Katika jalada la mahakama bibi huyo ni mshtakiwa; kwa wajukuu wake ndiye aliyeezeka paa.

Tofauti hiyo si ya hisia tu. Nyumba ilikuwa mali ya mjenzi, ardhi ilikuwa ya manispaa. Pangani ilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakazi wengi wakihamishiwa Shauri Moyo, udhaifu wa miliki ya namna hiyo ulidhihirika. Mpango wowote wa kuujenga upya mtaa kongwe ukiuliza hati pekee, utazikuta familia hizi mikono mitupu, ilhali ushahidi wao umo katika masimulizi ya nani alijenga, kwa fedha gani, na nani alirithi.