Ulimbo na Hesabu: Habari za Mtego katika Mashamba ya Jozi

Neno ulimbo ni la zamani katika lugha yetu. Ni utomvu mzito, aghalabu wa fenesi, ambao mtegaji hupaka kijitini ili ndege atuapo asiweze kuondoka. Katika maana yake ya asili kazi ya ulimbo ni kunasa, na kinachonaswa hufa. Insha hii yataka kueleza jinsi ulimbo ulivyopata kazi nyingine, iliyo ngeni kwake, yaani kutoa habari. Na mfano wetu ni mashamba ya jozi ya California, nchini Marekani.

Walakini, yafaa kwanza tuone ulimbo ukiua wadudu. Kisiwa cha Príncipe, katika Ghuba ya Guinea, kilikuwa chini ya Wareno, na malale iliwafyeka watu wa mashamba yake ya kakao. Mwanzoni mwa karne ya 20 vibarua walivalishwa mgongoni kitambaa cheusi kilichopakwa ulimbo, wakaenda nacho kazini. Mbung'o, ambaye huvutwa na rangi nyeusi na kitu kinachokwenda, alitua pale akanata. Katika shamba moja walinaswa zaidi ya 100,000 kati ya mwaka wa 1906 na 1907. Kwa njia hiyo, pamoja na kufyeka vichaka na kuua nguruwe wa mwitu, mbung'o walitoweka kisiwani mwaka wa 1914, wasionekane tena hadi mwaka wa 1956. Hesabu ile ilikuwa ya mizoga: kadiri ilivyozidi ndivyo ilivyofurahisha. Wala tusisahau kwamba kijiti cha mtego ule kilikuwa mgongo wa kibarua.

Mwenye shamba la jozi hakuweza kufuata njia hiyo. Mjozi ni mti mkubwa wenye matawi mapana, na adui yake wa kale, nondo wa tufaha, huruka jioni, hutaga yai moja moja, na buu lake likishaingia ndani ya tunda halifikiwi tena na dawa. Basi mkulima alitumainia sumu: hapo awali ile ya risasi na aseniki, na baada ya Vita Vikuu vya Pili, DDT. Alipiga dawa kwa kufuata kalenda, nondo wawepo wasiwepo.

Madhara ya desturi hiyo yaonekana vizuri katika habari ya vidukari. Vidukari wa mjozi wana adui yao, nyigu mdogo sana aitwaye Trioxys pallidus, ambaye hutaga yai ndani ya mwili wa kidukari. Wataalamu wa California walimleta kutoka Ufaransa mwaka wa 1959, lakini hakustahimili joto la bonde la kati. Ndipo mwaka wa 1968 wakaleta wengine wa jamii hiyo hiyo kutoka Iran, nao wakaenea na kuwamaliza vidukari kwa wingi. Mtumishi huyu hadai ujira, ila sumu inayopigwa kwa ajili ya nondo humwua yeye pia. Kwa hiyo kila dawa iliyopigwa bila haja ilikuwa hasara mara mbili: fedha ilipotea, na rafiki aliuawa.

Mwaka wa 1959 wahesabiwa kuwa mkubwa katika habari hizi. Huko Ujerumani Adolf Butenandt na wenzake walitangaza kwamba wameitambua harufu ambayo nondo jike wa hariri humwitia dume, baada ya kazi ya miaka 20 hivi na majike 500,000. Mwaka huo huo Karlson na Lüscher walibuni neno feromoni. Na katika jarida la Hilgardia, lililotolewa na Chuo Kikuu cha California, Stern, Smith, van den Bosch na Hagen walitoa hoja kwamba dawa isipigwe kwa sababu mdudu yupo, bali pale wingi wake unapokaribia kuleta hasara ipitayo gharama ya kumzuia. Nionavyo mimi, hoja hii ndiyo iliyoupa ulimbo kazi mpya, kwa kuwa haitekelezeki pasipo hesabu.

Harufu ya nondo wa tufaha ilitambuliwa mwaka wa 1971 na Wendell Roelofs na wenzake katika jimbo la New York. Walichukua kipapasio cha dume, wakakiunganisha na nyaya, wakatazama ni harufu gani inayokishtua. Baadaye mtego ulikuwa kijumba cha karatasi ngumu chenye sakafu ya ulimbo na kipande cha mpira kilicholoweshwa harufu hiyo. Siku madume wanapoanza kunasa mfululizo, mkulima huandika tarehe, kisha hujumlisha joto la kila siku, apate kujua mayai yataanguliwa lini.

Hata hivyo mtego si shahidi asiyekosea. Siku hizi wakulima wengi huijaza hewa ya shamba harufu ya jike ili madume wapotewe na njia; basi mtego nao hukaa mtupu, na utupu huo si dalili ya usalama. Dawa ya tatizo hili ilitoka mahali pasipotazamiwa: mwaka wa 2001 wataalamu wa California walieleza kwamba harufu ya pea la Kizungu (si parachichi) huwavuta madume na majike pia.

Nzi wa ganda, aliyegunduliwa California mwaka wa 1926, hutegwa kwa namna nyingine. Yeye hutaga katika ganda la kijani la nje, na mabuu yake hulifanya lioze na kuitia kokwa weusi. Mtego wake ni kibao cha manjano chenye ulimbo na harufu ya amonia, hutundikwa juu kivulini kuanzia Juni. Hapa kujua idadi hakutoshi, kwa maana nzi aliyetoka udongoni juzi bado hana mayai. Mkaguzi humtafuta jike, mwenye tumbo lililochongoka, akambonyeza. Mayai meupe yakitokeza, wakati wa dawa umewadia. Yasipotokeza, bomba hubaki bandani, naye hurudi kukagua baada ya siku mbili tatu.