Kumbukumbu ya Moyo

Askari apokeaye zamu husoma kwanza daftari la lindo. Asipolisoma, hajui lipi limezuka leo na lipi lilikuwapo tangu jana. Daktari apokeaye mgonjwa wa moyo usiku yumo katika hali hiyo hiyo.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Mholanzi Willem Einthoven alibuni mashine ya kuchora umeme wa moyo, na mwaka 1924 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Hata hivyo, mstari uliopinda waweza kuwa dalili ya shambulio la leo au kovu la miaka mingi. Mchoro wa zamani ndio husaidia kuamua. Nao kwa kawaida ulibaki ndani ya jalada la karatasi.

Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, nchini Kenya, kilianza kuhifadhi kumbukumbu za wagonjwa katika kompyuta. Mwaka 2006 programu ya OpenMRS ilifika Rwinkwavu, mashariki mwa Rwanda, kwa wagonjwa wa ukimwi na kifua kikuu.

Kwa Rusizi, Cyangugu ya zamani, jambo hili si anasa. Mgonjwa atokaye hospitali ya Gihundwe kwenda Kigali hukata msitu wa Nyungwe, safari ya zaidi ya kilomita 200. Jalada lililosahauliwa Kamembe halimfuati. Kumbukumbu ya kompyuta zilizounganishwa yaweza kumtangulia.

Lakini kompyuta haikumbuki kisichoandikwa. Basi askari au polisi afikaye kwanza penye mgonjwa na aandike saa maumivu yalipoanza. Daktari atalihitaji neno hilo.